Nafasi ya Adongo

"Rekodi hii ipo tayari," kompyuta ilimjibu Apiyo, ilhali jedwali lilikuwa tupu kabisa. Alikuwa amelitengeneza mwenyewe asubuhi ile, kwenye chuo kidogo cha kompyuta pale Kondele, na mtoto wa kwanza kumwingiza kwa majaribio alikuwa yeye mwenyewe.

Mtihani wao ulikuwa kubuni hifadhidata ya kliniki ya watoto. Kila mtoto lazima awe na ufunguo wa kumtambulisha yeye peke yake, na ufunguo mmoja haubebi watu wawili. Apiyo alichagua namba ya kitambulisho ya mama pamoja na tarehe ya kuzaliwa.

"Na mapacha je?" Madam Shreya, mwalimu wao, alikuwa amemuuliza. "Mama ni mmoja, siku ni moja. Ongeza sehemu ya tatu, ya nani alitangulia."

"Mapacha sitaki, Madam!"

Darasa likacheka. Wacheke tu! Hawakujua adha ya jina lile. Huku kando ya ziwa, ukiitwa Apiyo kila mtu anajua wewe ndiye pacha uliyetangulia, na lazima akuulize mwenzako Adongo yuko wapi. Muuza dagaa wa omena anauliza. Pasta anauliza. Tangu aanze kusema Apiyo anajibu, "Alikufa siku tuliyozaliwa," halafu anaangaliwa kama nusu mtu. Hasira ni hasara, sawa, lakini waliosema hivyo hawakuitwa Apiyo.

Akafungua jedwali tena. Sasa lilikuwa na mstari mmoja: namba ya mama yake, tarehe yake ya kuzaliwa, na jina Adongo.

"Nani ameshika mashine yangu?" alifoka. Hakukuwa na mtu, wenzake walikuwa wameenda kula. Akaufuta mstari. Ukarudi. Harufu ya udongo mbichi ikapanda kutoka chini ya meza, na ndani ya kabati la karatasi mtoto mchanga akaanza kulia, kilio cha hasira tupu.

Akampigia simu mama yake, Port Victoria.

"Mama, Adongo mlimzika namna gani?"

"Nyathina, mwanangu, nani amekuuliza hayo?" akanong'ona. "Tulikatazwa kumlilia. Wazee walisema pacha haliliwi. Na mapacha hupewa sawasawa, lakini yeye hatukumpa kitu. Kama anadai, mpe nafasi yake. Tafadhali, mami."

Kuongeza ile sehemu ya tatu kungemchukua dakika mbili, na wote wawili wangeenea. Lakini Apiyo alikata simu akaligeukia kabati.

"Umenila maisha yangu yote, sasa unataka na mtihani wangu? Sikupi! Hata mahali pa kuandika namba moja sikupi!"

Akafuta, na kabla mstari haujarudi akaanza kuandika jina lake kwa nguvu hadi vidole vikamuuma, huku kilio kikizidi na kabati likigongwa kutoka ndani na udongo ule akiuonja sasa ulimini, ukimjaa puani, ukimlemea kifuani mpaka pumzi ikamwisha, na kwa kidole cha mwisho kilichomtii akabonyeza kuhifadhi.

Kukawa kimya. Rekodi imekubaliwa, kompyuta ikaandika. Apiyo akacheka peke yake.

Mlango ukafunguliwa. "Adongo, kumbe hukuenda kula?" Madam Shreya akasema.

"Madam, mimi ni Apiyo."

Mwalimu alimtazama asielewe. Apiyo akachungulia kompyuta: mstari ulikuwa mmoja, na jina halikuwa lake. Akatoa kitambulisho mkobani. Adongo. Akampigia mama tena.

"Mama, ni mimi, Apiyo!"

"Wuololo! Na wewe Adongo, huna adabu!" Mama alikuwa akilia kwa hasira. "Unanichezea na jina la mtoto niliyekatazwa hata kumlilia?" Simu ikakatwa.

Alishuka ngazi mbio. Chini, muuza omena alimwona akatabasamu, kama kila siku.

"Adongo! Na mwenzako Apiyo yuko wapi?"

Alitaka kupiga kelele kwamba ndiye huyu, amesimama hapa. Mdomo ukajibu wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote ile.

"Alikufa siku tuliyozaliwa."