Sauti Isiyofuata Kasi

Kanda ilikuwa bado haijaingia kwenye deki, na tayari chumba kilinuka watu. Jasho, marashi na vumbi la miguu inayocheza, harufu kamili ya ukumbi uliofurika, saa nne asubuhi, ndani ya chumba chenye fundi mmoja na feni mbovu. Masikio alijinusa kwapa. Siyo mimi, akasema, akaendelea na kazi.

Jina la Masikio alipewa kwa ufundi, ingawa mkewe alisema hata ukubwa umo. Kazi yake ilikuwa kufufua kanda za zamani za dansi, zile ambazo mtu alijirekodia mwenyewe katikati ya umati, redio iko begani. Kanda hizo hazina adabu. Kama betri zilichoka siku ya kurekodi, leo muziki unatoka mbio, waimbaji wanalia kama vifaranga, na fundi lazima aurudishe kwenye mwendo wake.

Hii ilikuwa ya marehemu baba mkwe. Mkewe Masikio aliitoa chini ya sanduku la baba yake, akaileta ameishika kwa mikono miwili. Mama wa mkewe alikuwemo kwenye dansi lile, akiwa na mimba ya binti huyo huyo. Akajifungua, na hata arobaini haikufika, akafariki. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote.

"Nataka nimsikie tu, mume wangu. Hata akipiga chafya, nitashukuru."

Sasa, kazi hii ina sheria moja ambayo hata fundi mlevi haivunji: kasi hupimwa kwa chombo, haipimwi kwa mtu. Kinanda kina sauti zake zisizobadilika, hakina deko. Binadamu anaweza kuwa na sauti nene au nyembamba, utajuaje? Masikio aliijua sheria hiyo vizuri sana. Lakini karibu kabisa na kipaza sauti alisikika mwanamke akiimba midomo imefungwa, kama anayebembeleza mtoto, na mkewe akamkamata bega, kucha zikamwingia.

"Ndiye! Huyo ndiye mama!"

"Una hakika?"

"We! Mtu atakosa kumjua mama yake?"

Hakuwahi kumsikia hata siku moja, lakini nani angethubutu kumwambia? Masikio akazungusha kitufe cha kasi mpaka wimbo ule ukawa mtamu, laini, wa binadamu. Ngoma zikaanza kuburuta miguu. Kando palikuwa na mtu mwingine akikoroma kama ng'ombe mgonjwa, Masikio akampunguza sauti. Akajidanganya kwamba bendi ile ilipenda mambo ya polepole.

Siku ya kwanza mkewe alilia kwa furaha. Siku ya pili alisahau kula. Siku ya nne Masikio alirudi adhuhuri, akamkuta sakafuni, vipokea sauti masikioni, anayumbayumba na kutabasamu. Akaufuata waya kwa macho ili auchomoe taratibu asimshtue. Ncha ya waya ilikuwa mapajani mwa mkewe, haikuchomekwa popote.

Akainua upande mmoja wa vile vipokea sauti. Wimbo ulikuwa unatoka.

Masikio aliogopa, tusimfiche. Akaiweka kanda kwenye deki, akazungusha kitufe, na tarumbeta zikapanda, na makofi yakapanda, na vicheko vya watu ambao wengi wao sasa wamekufa vikapanda mpaka vikawa mlio wa ndege, na yule mwanamke safari hii hakupanda, akazungusha kinyume na ukumbi wote ukazama na kunguruma na yeye hakuzama, aliendelea kubembeleza vilevile, laini vilevile, karibu zaidi, kana kwamba ametoka ndani ya kanda na amekaa hapo hapo kati ya mtu na mkewe.

Akampigia simu mama mkubwa, dada wa marehemu mama mkwe. Alifika na kanga yake begani, akasikiliza kidogo tu.

"Huyo si mdogo wangu," alinong'ona. "Mdogo wangu alikuwa na sauti ya kukwaruza, mkwe. Akiimba, kuku wanakimbia."

"Sasa huyu ni nani, mama?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye uliyempa kiti cha mbele! Ulipima kwa kitu gani?"

"Kwa... kwa sauti yake."

"La haula! Pima upya. Kuna kinanda humo?"

Masikio akashika kitufe. Ile harufu ya umati ikarudi, nzito. Mkewe akamdaka kiwiko.

"Usimguse mama yangu."

Sauti ilikuwa ya mkewe. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

Masikio alilia huku anazungusha. Kinanda kikapanda kidogo, kikapanda tena, kikakaa mahali pake. Na yule ng'ombe mgonjwa wa kando akasafika, akawa mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza na hasira za haki, akimfokea mumewe mwenye redio.

"Baba nanii, zima hiyo redio! Kuna mtu anamwimbia mwanangu tumboni na simwoni. Mtoto ni wangu! Zima, nasema!"

Mama mkubwa akajiziba mdomo kwa kanga. "Ndiye," akasema. "Ndiye huyo, jamani."

Mke wa Masikio akakiachia kiwiko. "Mama?" aliita, safari hii kwa mdomo wake.

"Nitakukatia kipande hicho," Masikio alimbembeleza. "Nikuwekee maneno yake tu."

"Na yule atabaki chini ya maneno," mama mkubwa alisema polepole. "Si umeona hatengeki?"

Mkewe aliirudisha kanda mwanzo, akachomoa kipaza sauti, akabonyeza kitufe cha kurekodi, ili ukimya uandikwe juu ya kila kitu. Dakika arobaini na tano, upande mzima. Chumbani wimbo uliendelea, ukamsihi, ukamwita kwa jina ambalo baba yake tu ndiye aliyelitumia. Ilipofika pale penye maneno ya mama yake, machozi yakamwagika juu ya deki, lakini hakusimamisha. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na ile "zima" ndiyo amri ya kwanza aliyowahi kupewa na mama yake.