Ndevu za Swaleh na Mashine ya Pumzi

Jumapili mchana, Majengo ya Thika hutulia kidogo. Watu wamekula, redio zinaimba chini chini, vyombo vinaoshwa. Amida alikuwa ameinama uani akisugua sufuria ya wali. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Ndani, mumewe Swaleh alikuwa amelala chali, anakoroma.

Waceke, jirani aliyeuza mboga, alimsikia tangu langoni.

"Haiya! Poshomill imewashwa," alisema akitua kikapu chake. "Mama Junaid, leo mnasaga mahindi ya nani?"

Amida alicheka, kwa sababu ua mzima ulicheka. Mara sauti ya kukoroma ikakatika. Mkono wa Amida ukasimama juu ya sufuria. Waceke aliendelea na habari za bei ya sukuma wiki, lakini Amida hakumsikia tena. Kelele za mumewe hazikumtisha. Kilichomtisha ni kimya hiki.

Kisha Swaleh akavuta pumzi kwa kishindo, kama mtu aliyeopolewa majini, na kukoroma kukaanza upya. Amida akarudi kwenye sufuria.

Mambo yalikuwa hivyo kila usiku, na sasa ulikuwa mwaka wa pili. Amida mwenyewe alilala vipande vipande, sikio moja likimlinda mumewe. Hakuwa amemwambia mtu. Angesema nini? Kwamba mume wake analala sana?

Swaleh alikuwa dereva wa trekta katika shamba la kahawa kati ya Thika na Ruiru. Asubuhi alivuta trela lililojaa wachumaji. Wengi walikuwa wanawake, baadhi yao wakiwa na watoto mgongoni. Amida alikuwa mmoja wa wachumaji hao. Jioni Swaleh alivuta kahawa mbivu kuipeleka kiwandani. Alikuwa mtu mnene, mwenye shingo nene na ndevu nzuri zilizofika kifuani. Aliipenda kazi yake. Lakini siku hizi aliamka na kichwa kinachouma, na jua likipanda kidogo tu, alianza kupiga miayo.

Wiki hiyo, mwezi wa Julai mwaka 1996, alisinzia kwenye usukani. Trekta likaacha njia, trela likaingia mtaroni, na kahawa yote ikamwagika. Bahati nzuri, hakuna mtu aliyekuwa ndani ya trela. Amida alitupa debe lake akakimbia. Alimkuta Swaleh amesimama, mzima, akilitazama trela kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeliangusha.

Bwana Mbaluka, msimamizi wa shamba, alifika. Hakupiga kelele.

"Ingekuwa asubuhi je?" aliuliza. "Trela likiwa limejaa akina mama?"

Swaleh aliinama, akaanza kuokota kahawa iliyomwagika.

"Wewe ni mtu wangu, Swaleh. Lakini usukani hutaugusa tena mpaka daktari aseme uko sawa. Kuanzia kesho utageuza kahawa kwenye meza za kuanikia."

Jioni hiyo Katunge, mchumaji aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni, alimwambia Amida waziwazi, "Usikasirike, Mama Junaid. Hata akirudi, mimi nitatembea kwa miguu."

Amida hakukasirika. Yeye pia angetembea.

Katika ua wao aliishi Benta Ajwang, muuguzi katika kliniki moja ya magonjwa ya kifua mjini Ruiru. Watu walimwita Sista Benta. Amida alimweleza yote: kukoroma, kimya, kile kishindo cha pumzi. Jumapili iliyofuata Benta aliweka kigoda mlangoni, akamsikiliza Swaleh akilala mchana. Hakucheka hata kidogo.

Swaleh alipoamka alimkuta bado ameketi hapo.

"Sista, umekuja kusikiliza muziki?"

"Nimeusikia, na si mzuri. Baba Junaid, wewe pumzi yako inakatika usingizini."

"Shambani wananiita Poshomill na kusema ni uvivu. Wengine wanasema nimerogwa."

"Si uvivu, na hakuna aliyekuroga. Unaujua ule mpira laini wa kunyunyizia dawa kwenye kahawa? Pampu ikizimwa unakuwaje?"

"Unalala bapa."

"Na pampu ikiwashwa?"

"Unajaa. Unakuwa mviringo."

"Koo lako ni kama mpira huo. Ukilala, nyama laini za koo hulegea. Njia ya hewa inaziba. Ubongo unashtuka, unakuamsha kidogo, unavuta pumzi, unalala tena. Halafu inaziba tena. Asubuhi hukumbuki chochote. Lakini hukulala. Ulikuwa kitandani tu."

Swaleh akauliza polepole, "Inaweza kuniua?"

"Inaweza kupandisha presha na kuuchosha moyo. Na umeona ilivyokufanya barabarani. Lakini ina tiba. Kwanza ukapimwe. Mimi nimesikia tu. Kusikia si kupima."

Swaleh alikwenda kupimwa katika hospitali kubwa Nairobi. Alilala huko usiku mmoja, kidole kikiwa kimebanwa na kifaa kidogo cha kupima hewa katika damu, na mkanda ukiwa umefungwa kifuani. Jibu lilikuwa lile lile alilolisema Benta. Daktari alimshauri apunguze uzito na alale kwa ubavu. Akaongeza kwamba kwa hali yake hayo peke yake hayatatosha. Alihitaji mashine ya kupuliza hewa. Alimwandikia nguvu ya hewa inayomfaa, akamwelekeza kwenye kliniki ya Benta, ambako wagonjwa waliazimwa mashine kama hizo.

Kliniki ilikuwa na mashine mbili, zote zilizoletwa kama msaada kutoka ng'ambo. Moja ilikuwa ndogo na ya kung'aa. Swaleh aliishika mara moja.

"Hii. Inabebeka."

Benta aliipindua, akamwonyesha kibandiko cha chini. "Soma hapa. Hii ni ya volti mia moja na kumi. Stima yetu ni mia mbili na arobaini. Ukiichomeka kwenu itaungua usiku wa kwanza. Chukua hii kubwa. Si maridadi, lakini ni ya stima yetu."

"Ndani yake kuna oksijeni?" Amida aliuliza.

"Hapana. Ni hewa hii hii ya chumbani. Mashine inaichuja na kuisukuma, ndiyo ile pampu tuliyosema. Nguvu yake imewekwa kama daktari alivyoandika. Msizungushe kitu hata mkiona hewa ni kidogo."

Kisha wakafika kwenye maski. Kulikuwa na kubwa ya kufunika pua na mdomo, na ndogo ya kufunika pua tu.

"Kubwa," Swaleh alisema. "Nalala mdomo wazi."

Benta alizitazama ndevu zake. "Jaribu. Lakini ikivuja, uniambie. Usikae nayo tu."

Swaleh aliitikia kwa kichwa.

Ilivuja tangu mwanzo. Hewa ilipita katikati ya ndevu ikipiga mluzi, na ikamwingia machoni. Amida akaikaza mikanda. Pua ya Swaleh ikachubuka. Amida, kwa huruma, akampaka mafuta mengi usoni kila alipokwenda kulala, kama alivyompaka siku zote wakati wa baridi. Maski ikateleza zaidi. Wakaikaza zaidi.

"Tumwambie Sista Benta," Amida alisema.

"La!"

"Kwa nini?"

"Atasema ninyoe ndevu. Najua. Nitakuwa kama yai lililochemshwa. Na ndevu hizi si pambo, Amida. Unajua ninavyozichukulia."

Amida alijua. Swaleh alikuwa Mwislamu wa kushika dini yake, na ndevu hizo alizifuga tangu ujana. Basi hakwenda kwa Benta. Swaleh naye akaifunika mashine kwa leso, akaisukuma chini ya kitanda. Kukoroma kukarudi, na kimya nacho kikarudi. Kule shambani aliendelea kugeuza kahawa, akisinzia amesimama.

Asubuhi moja Amida aliiweka aibu kando, akaenda kubisha kwa Benta.

Benta alikuja jioni hiyo, ile maski ndogo ikiwa mkobani. Aliivuta mashine kutoka chini ya kitanda, akapangusa vumbi, akaishika ile maski kubwa. Ilikuwa imejaa mafuta.

"Hii mmeikaanga?"

Amida akaeleza. Benta akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Swaleh.

"Nilikuambia uniambie ikivuja. Mbona hukusema?"

"Ungesema ninyoe ndevu."

"Nani kasema? Maski kubwa inakaa juu ya ndevu, ndiyo maana inavuja. Hii ndogo inafunika pua tu, na ukingo wake unaishia kati ya pua na mdomo. Haifiki kwenye ndevu kabisa. Funga mdomo. Ziba tundu moja la pua, vuta hewa. Sasa lingine. Unaona? Pua yako inapita vizuri. Wengi wakipata hewa ya kutosha puani, mdomo hufungika wenyewe. Wako ukikataa, kuna mkanda wa kidevu. Unapita juu ya ndevu bila shida."

"Kwa hiyo sinyoi?"

"Ndevu hunyoi. Lakini masharubu haya marefu yatainua maski. Ungeyapunguza."

Swaleh alimtazama mkewe. Amida alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Sista," alisema, "kupunguza masharubu ndiyo desturi yetu! Tunapunguza masharubu, tunaacha ndevu. Huyu hajapunguza kwa sababu kila akienda kwa kinyozi analala kwenye kiti."

Swaleh naye akacheka, akijishika masharubu. "Kumbe dawa ilikuwa mkasi."

Jumamosi, masharubu yakiwa mafupi, walianza upya. Benta aliiweka mashine juu ya stuli imara kando ya kitanda, mbali na pazia, ili isizibwe inapovutia hewa. Aliunyoosha mpira wa hewa usijikunje. Swaleh alinawa uso kwa sabuni, bila mafuta, akalala. Benta aliwasha mashine kwanza, kisha akarekebisha mikanda Swaleh akiwa amelala vivyo hivyo.

"Ukiikaza ukiwa umekaa, ukilala inabadilika," alieleza. "Na isikazwe sana. Mama Junaid, pitisha kidole chako hapa chini ya mkanda."

Kidole kilipita.

"Basi imetosha. Kila asubuhi osha maski kwa maji ya sabuni, uianike kivulini. Kichujio ukisafishe kila wiki, kwa sababu vumbi la Thika unalijua. Stima ikipotea, Baba Junaid, vua maski. Na kila unapolala, hata mchana, ivae."

Siku za kwanza Swaleh alilalamika. Hewa ilikuwa baridi, na mpira ulimfuata alipogeuka. Lakini asubuhi moja aliamka, akaketi kitandani, akashika kichwa chake.

"Kinauma?" Amida aliuliza.

"Hakiumi," alisema, kwa sauti ya mtu asiyeamini. "Alhamdulillahi. Amida, hakiumi!"

Baada ya miezi miwili daktari alimpima tena. Pumzi haikukatika, na presha ilikuwa imeshuka. Alimruhusu kuendesha, kwa sharti kwamba asiiache mashine hata siku moja. Bwana Mbaluka alilisikia jibu hilo, akamwita Swaleh, akampa ufunguo wa trekta.

Amida alimpelekea Benta sinia la pilau. Mlangoni alimshika mikono.

"Umenirudishia mtu wangu," alisema.

Benta alilipokea sinia. "Ameponywa na kuvaa maski. Kichujio umesafisha wiki hii?"

"Nimesafisha."

"Basi karibu, tule pamoja."

Jumatatu asubuhi trekta lilingoja kwenye lango la shamba. Swaleh alikuwa kwenye usukani, macho maangavu. Amida alikuwa wa kwanza kupanda trela. Wenzake walimtazama. Katunge alisimama kando, mtoto mgongoni, akiupima uso wa dereva.

"Umelala, Baba Junaid?"

"Nimelala, mama. Muulize huyo anayelala kando yangu."

Katunge alimgeukia Amida. Amida akamnyooshea mkono. Katunge akaushika, akapanda.

Trekta lilikwenda taratibu katikati ya mistari ya kahawa, moja kwa moja, bila kuyumba. Jua lilikuwa bado changa. Amida alisikiliza injini kwa muda, kama alivyozoea kusikiliza usiku. Kisha akaona hakuna cha kulinda. Kichwa chake kikaangukia bega la Katunge.

Walipofika, Katunge alimtikisa.

"Mama Junaid, amka! Poshomill sasa ni wewe."