Mtani wa Jabali la Nalikungu

Jioni ile nilikuwa nimekasirika kabla hata ya kufika jabalini. Saadi alisema tuondoke mara baada ya alasiri. Nikakaa uani na kilindo cha magome cha kutilia asali mapajani, namsubiri, nanyanyuka, nakaa tena, mpaka kivuli cha ghala kikafika mlangoni. Alipotokea alikuwa anatafuna muhogo, kamba ya katani ameivaa shingoni, na anacheka.

"Shemeji, mbona umevimba? Nyuki wamekuwahi?"

Nikanyanyuka na kilindo changu, nikatangulia njia. Saadi ni kaka wa mke wangu Biasha, na mimi nilikuwa naishi kwao Nambilanje, kama wanaume wengi wa Kimwera wanavyoishi ukweni. Ukweni hujibu ovyo. Unalima, unajenga, unakata asali, na mtoto akizaliwa unaambiwa ni wa mjomba wake. Baba kazi yake kulisha. Binti yangu Zena alikuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele, na tayari kila jambo lake lilikuwa mdomoni mwa Saadi: alale wapi, atibiwe na nani, aende na nani kisimani. Nilichoka jamani. Reli ilikuwa imeshafika Nachingwea, nikaahidiwa kazi huko na chumba cha kulala. Nilitaka kumchukua mke wangu na mwanangu tukaishi wenyewe. Saadi akanizungusha msimu mzima, leo hivi, kesho vile. Mwishowe akasema nimsaidie asali ya Nalikungu mara moja tu, kisha nichukue watu wangu niende.

Watu wangu. Kwa maneno hayo mawili ningepanda hata mbinguni.

Jabali la Nalikungu lina njia mbili. Ya kwanza tunaiita Mgongo, iko upande wa mawio. Hapo jiwe limelala, vidole vya miguu vinapata pa kushika, na mtu mwenye mzigo anafika juu akihema tu. Ya pili ni Koo. Hilo ni korongo jembamba lililolipasua jabali toka kileleni hadi chini, na mawe makubwa yamekwama katikati yake. Ukibana mgongo ukuta huu na nyayo ukuta ule, unaweza kupita. Lakini hakuna aliyekuwa anapita. Zamani Magwangwara, ndivyo wazee wetu walivyowaita Wangoni waliokuja kuteka watu, waliingia Koo kuwafuata wanawake na watoto waliojificha juu. Watu wetu wakawaporomoshea mawe. Waliobanwa humo hawakuzikwa.

Nyuki wanakaa kwenye ukuta ulio wima, hatua chache pembeni ya Koo. Mmoja anafunga kamba kwenye mtini ulioota kileleni na kuishika. Mwingine anateremka nayo, kiunoni kisu, mkononi kienge cha majani kinachofuka moshi. Huwa tunakata jua linapotua, nyuki wakiwa wazito. Lazima uwahi. Giza likikukuta ukutani, hujui unakanyaga jiwe au hewa.

Na huyu mtu alichelewa kwa ajili ya muhogo!

"Nishushe," nikamwambia tulipofika juu. "Na usiache kamba."

"Niiache ili nimwambie nini Biasha?"

Nikashuka. Nikakuta kidaraja cha jiwe kinachotosha nyayo mbili, nikasimama hapo na kuanza kufukiza. Nyuki wakanguruma, kisha wakatulia. Nikakata sega la kwanza, la pili. Saadi juu anapiga soga peke yake, habari za mbuzi, habari za mtu aliyeanguka mnazini Lindi. Nikawa nasaga meno. Jua likazama.

Kisha nikasikia harufu.

Haikuwa ya asali wala moshi. Ilikuwa ya ugoro... na ya ngozi ya ng'ombe iliyolowa.

"Mmwera..."

Sauti ilitoka ndani ya Koo, chini yangu kidogo. Ilikuwa ya mwanaume, ya taratibu, yenye kicheko ndani yake.

"Mmwera, mla panya. Unafanya nini juu ya jiwe langu?"

Juu, Saadi akaangua kicheko. Nami niliwaza alivyowaza yeye. Wakati ule Wangoni wengi walikuja kufanya kazi katika mashamba makubwa ya Nachingwea, nao ni watani wetu. Vita viliisha, ukabaki utani. Tunatukanana na hatugombani. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia njiani ukacheka. Sharti ni moja tu: ukishamwambia chukua, umetoa, humdai tena.

"Mngoni, mwizi wa ng'ombe!" Saadi akajibu. "Jiwe lako tangu lini? Babu yako hakulifikia!"

"Alilifikia," sauti ikasema.

Kisha ikauliza:

"Umening'iniza nini hapo kwenye kamba?"

"Shemeji yangu. Mzito kama gunia la chumvi, na kutwa nzima ananung'unika. Unamtaka?"

"Saadi," nikaita kwa sauti ndogo. Nywele zilikuwa zimenisimama. Sauti ile ilikuwa chini yangu, lakini Saadi alikuwa anaongea kama mtu anayemgeukia jirani aliyekaa naye jamvi moja. "Saadi, nyamaza. Nivute."

"Namtaka," sauti ikasema.

"Basi mchukue!"

Akacheka mpaka akakohoa.

Kicheko chake kikakatika.

Hata nyuki walinyamaza.

Kamba ikakaza kiunoni. Saadi huvuta kwa mikupuo, anavuta, anapumzika, analalamika. Mvuto huu ulikuwa mmoja, laini, hauna pumzi. Wala haukunipeleka juu. Ulinivuta pembeni. Nyayo zangu zikaanza kuteleza kwenye jiwe kuelekea Koo.

"Saadi! Unavuta wapi?"

"Sivuti!" Sauti yake ilitoka mbali, kule Mgongoni, imepasuka kwa woga. "Shemeji, mimi sijashika kamba!"

Nikachomoa kisu, nikakata. Kamba ikaruka gizani. Kilindo kikaanguka, nikakisikia kikigonga, kikigonga, kisha kimya. Nikabaki nimekumbatia jabali kwa kifua, sina kamba, na mchana umeniishia. Nilikuwa na hasira kuliko hofu, nasema kweli. Nife hapa kwa ajili ya mdomo wa Saadi? Nisimwone tena mwanangu kwa sababu mtu mzima hawezi kuacha mzaha umpite?

Kupanda ukuta ule bila kamba hakukuwezekana. Pa kupita palikuwa mahali pamoja tu. Nikasema bismillahi, nikasogea kwa ubavu, kidole kwa kidole, nikaingia Koo.

Nikabana mgongo, nikakaza nyayo upande wa pili, nikaanza kushuka. Ndani kulikuwa na baridi na ile harufu. Mguu wa kulia ukatafuta pa kukanyaga, haukupata. Ukapapasa. Haukupata...

Mkono ukanishika kifundo.

Haukunivuta. Ulikibeba kifundo changu polepole, kama mama anavyomvisha mtoto, ukakiweka juu ya jiwe imara.

"Hapa," sauti ikanong'ona.

Nikazidi kubana mgongo ukutani. Mguu wa kushoto ukashikwa pia.

"Na huu... hapa. Usiteleze. Wewe ni wangu sasa, sitaki uvunjike."

Ndivyo nilivyoshushwa. Kila hatua nikiwekewa mguu, nikilowa jasho katika baridi ile. Nilipokanyaga udongo chini ya jabali nilidhani nitakimbia. Lakini kile kipande cha kamba kilichobaki kiunoni kikanyooka chenyewe mbele yangu, kikakaza, na hapakuwa na mtu niliyemwona ameshika ncha. Palikuwa na giza zito kidogo kuliko giza lingine.

"Haya," ikasema. "Twende nyumbani."

Sijui niliupata wapi ujasiri. Nadhani haukuwa ujasiri, ilikuwa ile hasira ya miaka yote ya ukweni iliyonipanda hadi utosini.

"Siendi! Saadi kanitoa kama nani? Mimi si wa ukoo wake. Mimi ni wa kwa mama yangu, kijijini Lionja, na mjomba wangu yuko hai. Hapa ni mkwe tu, mtu wa kuja. Sina changu hapa, wala mimi si chao. Alichokupa si chake!"

Kamba ikalegea kidogo. Yule mtu, kama ni mtu, alikuwa anafikiri. Nilimsikia akivuta ugoro puani, mara moja, mara ya pili.

"Kweli," ikasema mwisho, kwa adabu kabisa. "Mkwe hatolewi. Lakini mtani wangu amesema chukua. Basi kilicho chake ni kipi?"

Mungu ni shahidi yangu, nilifunga mdomo nikauma ulimi. Lakini haikuwa inaniuliza mimi. Kamba ikadondoka miguuni pangu. Nikasikia vijiwe vikiporomoka ndani ya Koo. Kitu kilikuwa kinapanda, haraka, haraka sana, kuelekea juu alikobaki Saadi.

Nikasimama chini nikiita jina lake. Juu kule nikasikia sauti mbili. Moja ilikuwa ya taratibu. Nyingine ilikuwa ya Saadi, na alikuwa analia. Maneno sikuyapata.

Saadi alirudi nyumbani baada yangu, hana viatu, kucha zimetoka damu. Bibi yao, Bibi Mwamini, alimnusa shati, akasogeza kigoda chake mbali naye. Nilimbana Saadi usiku ule, nikambana kesho yake.

"Umemwambia nini?"

"Niache, shemeji."

"Alikuuliza. Ulimjibu nini?"

"Nimesema niache! Si ulitaka kwenda? Nenda. Chukua watu wako uende."

Mtu yule ambaye hakuwahi kunyamaza maishani mwake alikaa siku nyingi bila kutania hata kuku. Nami, mjinga mimi, nikaona afadhali. Nikafunga mizigo.

Asubuhi ya safari Biasha alikwishajitwika kapu, maji ya njiani yapo, Zena hayupo. Tukamwita visimani. Tukamwita kwa majirani. Bibi Mwamini ndiye aliyenyoosha mkono kuelekea Nalikungu.

Alikuwa kileleni. Mtoto asiyefika hata kiuno changu alikuwa amekaa juu ya Koo, miguu inaning'inia, anacheka. Nilikimbia Mgongo mzima nikichubuka magoti. Saadi alinifuata nyuma, akaishia katikati, akakaa chini.

"Zena," nikasema, sitaki kumshtua. "Mama, njoo kwa baba."

"Subiri. Mtani anamalizia."

Aligeuza uso chini kwenye korongo, akasikiliza, akacheka tena kwa kuziba mdomo, kama watoto wanavyocheka neno la aibu. Nikamfikia. Nikampitisha mikono kwapani nimwinue. Nimebeba magunia mimi, nimebeba magogo. Mwanangu sikuweza kumwinua. Hakuwa amejishikilia popote. Alikaa tu, ananitazama kwa huruma.

"Anasema wewe na mama mnaweza kwenda," akaniambia. "Mkitaka nendeni. Mimi mjomba amenitoa."

Nikamgeukia Saadi. Alikuwa ameinamisha kichwa kati ya magoti.

"Aliniuliza kilicho changu," akasema. "Nilikuwa nimening'inia ukingoni mwa Koo kwa mkono mmoja, Amiri. Alikuwa ananibandua vidole kimoja kimoja, huku anacheka. Nikamtajia. Mtoto wa dada yangu ni wangu, nikamtajia."

Nilimpiga. Nilimpiga mpaka mkono ukaniuma, na hakujikinga, na haikusaidia kitu. Kwa mila yetu hakukosea. Alikuwa na haki ya kumtoa, na mimi baba yake sikuwa na haki ya kumkatalia. Nimshtaki kwa nani? Kwa jumbe? Angeniuliza mashahidi. Baadaye shehe wa msikitini alikuja akasoma mpaka akachoka, Zena akaitikia amina kila mahali panapostahili, kwa heshima zote.

"Hatuhami," nikamwambia mwanangu asubuhi ileile pale juu, machozi yananitoka. "Umesikia? Hatuendi popote. Shuka."

Basi akasimama, akajipangusa vumbi, akaingia Koo. Alishuka kinyumenyume bila kutazama. Kila alipoteremsha mguu aliuacha hewani kidogo, anasubiri, kisha ukatulia.

Kazi ya reli alipewa mwingine. Nambilanje bado nipo. Watu wananisifu kwamba nimekuwa mkwe mwema, nimetulia. Zena amekua msichana mrefu. Hajaugua, hajajikwaa, mwiba haujawahi kumchoma, na Biasha anamshukuru Mungu kwa hilo. Mwaka huu wameanza kuja watu na posa. Wa kwanza alitoka Nambambo, kijana mzuri. Zena alikwenda nyuma ya nyumba, akaongea kidogo na mtu, akarudi ametulia.

"Mwambieni nina mume," akasema.

Saadi akainuka akatoka nje. Mimi nikabaki nimekaa na yule kijana, nikitafuta la kumwambia.