Bustani Iliyofagiliwa Mno

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, fundi cherehani alishika ufagio. Alifagia chumba, akafagia baraza, akafagia uwanja. Kisha aliingia bustanini, akafagia hata katikati ya mistari ya njegere. Hakuacha jani wala unyasi. Majirani walimwita Mama Fagio, naye hakuchukia. Jina la utani likisifu kazi yako, utalikataaje?

Lakini msimu huu usafi haukumpa raha. Jua lilikuwa kali na mvua ilikuwa imekatika. Njegere zake zilifika magotini, zikaanza kutoa maua meupe, kisha maua yakaanza kudondoka. Majani ya chini yaligeuka manjano.

Mbegu za njegere hizo hazikununuliwa. Aliachiwa na marehemu mama yake, ndani ya kopo la majani ya chai. Mama alipanda kila mwaka, na kila mwaka alirudisha mbegu mpya koponi. Tangu afariki, fundi cherehani alikuwa amepanda mara mbili, na mara zote mbili zilikauka. Safari hii alipanda zote zilizobaki. Kopo lilikuwa tupu. Hizi nazo zikifa, mbegu ya mama imekwisha.

"Mke wangu," alisema mumewe, fundi baiskeli, akiwa amesimama mlangoni, "ardhi yako inang'aa kama kipara changu. Lakini kwenye kipara hakuoti kitu."

Siku nyingine angecheka. Siku hiyo machozi yalimlengalenga. Mumewe aliona, akaenda kumjazia ndoo ya maji.

Ilikuwa saa sita mchana, wakati wake wa kupumzisha cherehani. Alichota maji kwa kikombe, akanyunyizia majani na maua kidogo kidogo, kama alivyofanya kila siku.

"Hodi!"

"Karibu!"

Aliyeingia alikuwa muuza miche wa pale njia panda, msichana mcheshi ambaye kucha zake hazikosi matope. Alileta aproni yake iliyochanika mfuko. Alipotupa macho bustanini, alisahau aproni.

"Dada, unazimwagilia, au unazinawisha uso?"

"Nazipa maji kila siku, mdogo wangu. Haba na haba hujaza kibaba."

"Hujaza kibaba, sawa. Lakini haishibishi mizizi. Hebu chomeka kidole hapo."

Fundi cherehani alichomeka. Juu palikuwa na unyevu. Kidole hakikufika mbali. Chini udongo ulikuwa mkavu na mgumu.

"Umeona? Maji ya mchana jua linayanywa kabla hayajashuka. Mizizi haijaonja hata tone. Na hayo majani makavu unayofagia, unayapeleka wapi?"

"Nayatupa jaani, nyuma ya ukuta."

"Twende tukalione hilo jaa."

Nyuma ya ukuta, muuza miche aliinama akafukua majani makavu kwa mkono. Udongo wa chini yake ulikuwa mweusi, laini na wa baridi.

"Hapa umemwagilia lini?"

"Nani anamwagilia jaa?" Fundi cherehani alianza kucheka, kisha akasogea karibu. Pembeni ya jaa, kwenye kivuli cha ukuta, mche mmoja wa njegere ulikuwa umejiotea. Majani yake yalikuwa ya kijani kibichi. Alihesabu maua matano.

"Mbegu ya mama," alisema. "Nimeifagia mwenyewe nikaitupa!"

"Umeifagia, ukaitupa mahali pazuri," alisema muuza miche. "Sikiliza, dada. Njegere hupenda ubaridi. Joto likizidi, huangusha maua. Joto hatuwezi kulizima, ila tunaweza kulipunguza. Rudisha haya majani bustanini, uchanganye na nyasi kavu. Tandaza yafike unene wa kiganja, ila yasiguse shina, lisije likaoza."

"Nitandaze taka bustanini? Watasema Mama Fagio amekuwa mvivu!"

"Waache waseme. Njegere hazisikii umbea."

"Na maji je?"

"Mwagilia alfajiri, chini kwenye shina, taratibu, mpaka yazame. Halafu subiri. Kila asubuhi sogeza majani, uchomeke kidole. Ukikuta unyevu, acha. Ukikuta pakavu, mwagilia. Usikose hasa wakati huu wa maua. Na mchana zinataka kivuli. Ukiwa na shuka kuukuu jeupe..."

"Hapo niachie mimi," alisema fundi cherehani. Uso wake ulikuwa umeanza kukunjuka.

Jioni hiyo hiyo aliunganisha mashuka mawili mepesi kwa cherehani. Mumewe alisimamisha vijiti, akavifunga kwa vipande vya tyubu za baiskeli. Shuka lilikaa juu ya njegere wakati wa jua kali, na jua likipoa walilikunja.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema mumewe akipangusa kipara.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuacha kufagia. Kila asubuhi mkono ulimwasha. Siku ya tatu alitafuta ufagio hakuuona. Mumewe alikuwa ameuficha kati ya magurudumu mabovu, na hakusema mpaka alipobanwa.

Miche minne ilikufa, kwa kuwa ilikwisha kudhoofika. Mingine ilichipua majani mapya. Maua yaliacha kudondoka, na maganda yakaanza kuning'inia.

"Chuma maganda mabichi kila baada ya siku mbili," muuza miche alimkumbusha alipofuata aproni yake. "Ukiyaacha yakomae, mmea unaona kazi imekwisha. Ila chagua miche michache yenye nguvu kwa ajili ya mbegu. Hiyo usiiguse mpaka maganda yakauke. Na mwakani panda mapema, ubaridi ukiwepo, zitoe maua kabla ya joto. Tena usipande zote!"

Walikula njegere mbichi wiki tatu. Mche wa nyuma ya ukuta hakuna aliyethubutu kuugusa. Maganda yake yalipokauka, fundi cherehani aliyapukuchua pamoja na mengine aliyoyachagua. Alimtengea muuza miche konzi moja, kisha akalitoa kopo la chai kabatini.

Mbegu zilianguka ndani zikilia ka, ka, ka. Sauti hiyo aliijua tangu utotoni, mama yake alipokuwa akilijaza kopo hilo hilo. Alimimina mpaka ya mwisho, akafunika, akalikumbatia kifuani.

"Mama," alisema, "hazijaisha."