Hana Kazi, Yuko Nyumbani Tu

Sokoni, kwenye duka la vifungo, fundi cherehani aliyevaa gauni la buluu alilojishonea kwa mabaki ya vitambaa vya wateja alikanyagwa mguu na kijana mwenye kofia ya utafiti wa kaya.

"Samahani, dada. Halafu naomba dakika arobaini nyumbani kwenu, niwahoji."

"Umenikanyaga, na bado unaomba dakika arobaini? Hata mshenga hakai muda huo."

Wiki mbili walipigiana simu. Fundi aliitwa Malkia wa Sindano, na kijana yule mdadisi, kwa fomu zake za maswali, akaitwa Bwana Dodoso. Ndipo siku ya mahojiano ikawadia, na kaka wanne wa fundi, kamati ya kudumu ya makochi, wakaketi sebuleni.

"Huyu dada anafanya kazi gani?"

"Hana kazi," akajibu kaka mkubwa, akiwa ndani ya shati aliloshonewa na huyohuyo. "Yuko nyumbani tu."

Mdadisi akaandika: hana kazi. Pembeni, cherehani ya dada ikasimama.

Jioni mdadisi akapiga simu. "Mpenzi, ningefanyaje? Wao wanne, mimi nina kalamu."

"Ungeniuliza mimi."

Siku nane hakupokea simu yake. Alipika, akafua, akapiga pasi, akashona, na kila alipoinua macho aliona kaka mmoja ameegemea mlango.

Siku ya tisa mdadisi alirudi na barua ya msimamizi wake: mwanamke ahojiwe peke yake. Kaka wakatoka wakinung'unika kama waliofukuzwa nchini.

"Tuanze unapoamka."

Walihesabu ndoo kwa ndoo, sufuria kwa sufuria. Saa za kazi zikafika kumi na saba kwa siku. Mdadisi akafuta "hana kazi" mpaka karatasi ikatoboka.

"Nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Basi nikuoe, utoke humu."

Moyo ukamruka. "Tutakaa wapi?"

"Kwetu. Mama atafurahi, amechoka kutuhudumia. Wanaume tuko watano."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakabaki.

"Nimekosea tena?"

"Nakupenda, Bwana Dodoso. Ila siwezi kuhamishwa gereza kwa gari la maua."

Mlango ukagongwa. "Mmemaliza? Chai vipi?"

Alisimama. "Hapo kwenye ndoa, andika mhojiwa hajajibu. Kapange chumba chako mwenyewe, ujipikie mwezi mzima, ndipo uje uniulize."

Mdadisi akaandika taratibu. Alipomwona ameshashika birika, akauliza kwa sauti ndogo:

"Mchele huoshwa mara ngapi?"