Kakule wa Butembo Aomba Ruhusa ya Kukaa

Mwaka 1967 nilikuwa nafundisha watu wazima kusoma hapa Bwera, magharibi mwa Uganda. Jina langu Zerida. Watu husema mdomo wangu hauna breki, na kweli hauna.

Nilikuwa na baiskeli kuukuu. Kila wiki ilikuwa kwa fundi. Fundi wangu aliitwa Sosthène Kakule. Alikuwa Mnande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, nchini Kongo. Yeye na mke wake Kaswera walikimbia vita mwaka 1964, wakiwa na mtoto wao Célestin. Walipanga chumba karibu na soko. Sosthène alifanya kazi nzuri, lakini hakuwa msemaji.

Siku hizo polisi walikuwa wakiuliza watu vyeti njiani. Tulisikia kwamba mgeni asiye na karatasi anaweza kurudishwa kwao. Sosthène hakuwa na karatasi hata moja. Alipokwenda Kasese kununua spea, aliazima tiketi ya kodi ya jirani yake, Kule, maana polisi waliikubali kama kitambulisho.

Sisi Wakonzo, na ndugu zetu Wanande, humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa. Mtoto wa kiume wa nne kwetu ni Kule, kwao ni Kakule. Lugha zetu nazo zinakaribiana. Basi Kule alimwambia, "Wewe wa nne, mimi wa nne. Chukua tiketi yangu. Nani atajua?" Siku hiyo yeye mwenyewe alibaki nyumbani. Alifanya hivyo kwa moyo mzuri, lakini lilikuwa kosa kubwa.

Kisha mkuu wa gombolola, yaani tarafa yetu, akatangaza: maofisa watakuja Jumatano kuwaandika wageni wanaoomba ruhusa ya kukaa.

Jumatatu nilikwenda kuchukua baiskeli yangu. Nilimkuta Kaswera analia.

"Mwalimu," alisema, "Baba Célestin anataka kusema yeye iko mutu ya Kyarumba!"

"Wa Kyarumba, huku kwetu Uganda? Tangu lini?"

Sosthène hakuinua macho. "Kule atanisimamia. Atasema tuko ndugu, baba moja. Banasema mugeni banamurudisha. Mimi siwezi kurudi, mwalimu. Heri nikufe hapa."

Nilikasirika. Nikaketi juu ya tairi.

"Nisikilize, Baba Célestin. Ulikuja hapa kwa sababu gani?"

"Vita."

"Mtu wa Kyarumba alikimbia vita gani vya Butembo?"

Akaanza kuifuta baiskeli yangu.

"Ukisema wewe ni wa Kyarumba, unajinyima haki yako mwenyewe," nilimwambia. "Sheria ya hapa inamjua mkimbizi. Mtu atakayeshambuliwa akirudi kwao, asirudishwe. Lakini lazima aseme ukweli wake. Wakigundua uongo, nani atakuamini tena? Na Kule naye atashtakiwa."

"Na kama banakataa?"

"Uliza sababu. Omba waiandike. Kisha peleka malalamiko kwa wakubwa wao. Kukataliwa mara moja si mwisho."

"Karatasi yao iko ya Kiingereza. Mimi sijui."

"Omba mkalimani. Na usitie kidole kabla hujasomewa yaliyoandikwa. Yote! Umesikia?"

Sosthène akamwendea Kule, akamwambia hataki tena kutumia tiketi yake wala kusema wao ni wa baba mmoja. Kule alikasirika. "Kwa hiyo unanikataa? Undugu umekwisha?" Aliingia ndani akafunga mlango. Iliniuma sana, maana mimi ndiye niliyeleta maneno hayo.

Jumatano nilikwenda nao. Karani aliitwa Onen, mtu wa kaskazini. Watu walikuwa wengi na yeye alikuwa amechoka.

"Kuja hapa! Kazi yako nini?"

"Fundi ya kinga."

"Baiskeli," nilimweleza. Wakongo huita hivyo.

Onen aliuliza mengine machache, akaandika haraka, akasukuma wino. "Weka kidole."

Sosthène alichovya kidole. Kikafika karibu na karatasi, kikasimama.

"Afande, munisomee kwanza."

"Huoni watu iko mingi?"

"Naona. Munisomee yote."

"Ni haki yake," nilisema. Onen alinitazama vibaya, kisha akaigeuza ile karatasi kwangu. Niliisoma kwa sauti. Nilipofika kwenye sababu ya kuja Uganda, niliona imeandikwa: kutafuta kazi.

"Hapana," alisema Sosthène. "Kazi nilipata hapa. Mimi nilikimbia."

"Kimbia nini?"

Kaswera alishika shati la mumewe.

"Baliua mukubwa yangu Jean-Bosco, ku mulango ya nyumba yetu. Balisema batarudia mimi. Tulipita mu pori siku ine na mutoto."

Miaka mitatu alikuwa jirani yetu, na sikuwahi kulisikia jina la kaka yake huyo. Machozi yalinitoka mbele ya watu.

Onen aliweka kalamu chini. "Hapa ulitembea na karatasi gani?"

"Ya mutu mwingine. Nilikosa, afande."

Onen aliishika tena kalamu.

"Usirudie," alisema Onen. Akakata yale maneno, akaandika mengine, akanipa nisome tena. Ndipo Sosthène akatia kidole. Onen akampa kipande cha karatasi. "Shika hii. Polisi ikiuliza, onyesha kwamba umeomba na unangoja jibu."

Baada ya miezi miwili, ruhusa ilikuja. Sosthène aliniomba niisome mara tatu. Nilidhani watafanya sherehe. Kumbe alikwenda moja kwa moja kwa padri.

Miaka yote hiyo hawakumwombolezea Jean-Bosco. Waliogopa watu wasije wakauliza amefia wapi, habari zikafika kwa polisi. Jumapili ile padri alilitaja jina lake katika misa. Baadaye majirani walikuja kukaa nao uani.

Kule naye alikuja. Aliketi chini, karibu na Sosthène.

"Mbona hukuniambia, ndugu yangu?"

"Niliogopa. Nilikuwa natembea na jina yako."

Kule alimshika mkono. Ndipo Kaswera akalia kwa sauti kubwa, akimwita shemeji yake kwa jina, na hakuna aliyemnyamazisha.