Mguu Uliopona Mno

Ziada alimimina mafuta ya nazi kiganjani, akaushika mguu wa mumewe kama alivyozoea kila jioni, na vidole vyake vikateleza moja kwa moja hadi kwenye kidole gumba bila kukwama popote. Akarudia. Hakuna kitu.

Mguu ule aliujua kuliko wake mwenyewe. Toroli la mkonge lilimpanda Tawakali akiwa kazini, mifupa ya wayo ikavunjika, na daktari Mzungu wa Lindi akaupasua mguu na kuiunga mifupa kwa skrubu. Watu wa Mchinga walikuja kumtazama wakicheka, eti mwenzao kaungwa kama kabati. Ziada hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa akiukanda, na vichwa viwili vya skrubu alivisikia chini ya ngozi, vigumu kama kokwa za ukwaju. Masika yalipoingia mguu ukaanza kutoa usaha, Tawakali akarudi Lindi skrubu zikatolewe. Akakawia huko mpaka Ziada akawa anashinda barazani akilia. Kisha jioni moja akaingia, mzima wa afya, wala hachechemei.

"Baba Mastura," Ziada aliuliza taratibu, "mbona hata kovu halipo?"

"Daktari yule fundi," alijibu mumewe, akatabasamu.

Ziada akaendelea kupaka mafuta. Alikuwa amemwomba Mungu mume, na mume huyo hapo. Nani angeanza kudai kovu?

Lakini kuku walimkimbia. Nyumba ikanukia udi, na wao udi hawakuwa nao. Kile kisu kilichokaa chini ya mto wa mtoto tangu alipozaliwa, kama wanavyowekewa watoto wote wakingwe na mabaya, Tawakali alitaka kiondolewe, akasimama mlangoni asisogee mpaka Ziada alipokitoa. Tangu hapo akawa hambandui Mastura kifuani, akimwimbia kwa sauti ya chini, na mtoto akawa anachemka mwili kila akipakatwa, akakonda, akakataa ziwa, macho yakabaki makubwa usoni, na Ziada kule jikoni aliusikia wimbo ule akazidi kupuliza moto ambao tayari ulikuwa unawaka, akijua na hataki kujua.

Asubuhi moja, mumewe akiwa ametoka, lori la kwenda Kilwa lilimshusha mwanamume Mmwera aliyejitambulisha kuwa ni Eusebio, dresa, mfunga vidonda wa hospitali ya Lindi.

"Pole kwa msiba, dada," alisema akivua kofia.

"Msiba gani?"

Eusebio akababaika. "Hamkupata habari? Tulimwagiza dereva. Skrubu zilitoka vizuri, lakini usaha ulikuwa umeshaingia kwenye damu. Waislamu wa mjini walimzika kwa heshima." Akafungua kitambaa, na ndani yake zilikuwamo skrubu mbili. "Alisema nikuletee wewe. Alisema, mke wangu anazijua."

Ziada alikaa chini pale pale. Hakupiga ukelele, kwa sababu Mastura alikuwa amelala, na kwa sababu akipiga ukelele mumewe atakuwa amekufa kweli.

Alasiri akamwita Bi Kidawa, jirani aliyekuwa akitibu wenye majini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Bi Kidawa alisikiliza habari yote, akazitazama skrubu, akagusa paji la mtoto, akashusha sauti. "Huyu jini kapenda, mwanangu. Akimpakata tena leo, mtoto hafiki kesho. Chuma kilichokaa mwilini mwa marehemu, ambaye sura yake ameivaa, hawezi kukistahimili. Ila si mimi wa kumtoa. Aliletwa na machozi yako, atatoka kwa mkono wako."

Jua lilipozama harufu ya udi ilitangulia, ikapita chini ya mlango, ikajaa chumbani mpaka taa ya koroboi ikafifia, na Ziada, skrubu zikiwa zimembana kiganjani, alimsikia mtu akisimama nje karibu kabisa na ubao wa mlango, mtu asiyehema, kisha ikaja sauti ile ile iliyomposa, iliyomwita Mama Mastura kwa mara ya kwanza, ikasema, "Nifungulie."

Akafungua.

"Wewe si yeye," alinong'ona.

"Si yeye," alikubali. "Nilikuwa napita, nikakusikia ukimlilia. Mimi sijapata kuliliwa na mtu."

"Mwanangu anakufa."

"Sijui kumshika bila kumuunguza. Nimejaribu." Akaziona skrubu, akarudi nyuma, uso wa Tawakali ukacheza kama maji yaliyotikiswa. Kisha akaketi kizingitini, akamnyooshea mguu. "Nitie na mimi. Pengine nikiwa nazo nitakuwa kama yeye. Nitavumilia."

"Usimsikilize!" Bi Kidawa, aliyebaki ndani na mtoto, alisema. "Weka!"

Ziada akapiga magoti. Akaushika mguu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akazibandika skrubu pale pale zilipokuwa zikikaa. Ngozi ikafuka moshi. Jini alilia kwa sauti ya mumewe, na Ziada akalia naye, lakini hakuachia, mpaka mkono wake ukawa umeshika hewa na skrubu zikaanguka chini.

Siku ya pili Mastura alikunywa uji wote. Ziada alikalishwa eda iliyobaki, wanawake wakaja kumpa pole, wakasema Tawakali alikuwa mtu mwema, naye akaitikia. Kwa yule wa pili hakuna aliyempa pole. Huyo alimlilia peke yake, ameelekea ukutani, maana jini angeweza kuuvuta mguu wakati wowote, na hakuuvuta.